Mtoto wa nasari: namna ya kukaa na daktari mkaamua

Kabla hamjajibu swali lolote la daktari, ulizeni mama yuko wapi. Nimekuwa muuguzi wa nasari, yaani wodi ya watoto wachanga wagonjwa, katika hospitali moja ya Malindi kwa miaka mingi, mzaliwa wa Langoni, Lamu, na kikao huwa kile kile. Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, yumo ndani ya inkubeta, na kwenye benchi la nje wamekaa baba, ami yake, mama mkwe na jirani mmoja mwenye sauti. Daktari anatoka kueleza, nao wanaitikia kwa niaba ya mwanamke aliyelala wodi nyingine na mshono mbichi, ambaye hata uso wa mwanawe hajauona. Wanasema wanamhurumia. Mimi huwaambia wamlete kwa kiti cha magurudumu. Ikishindikana, daktari aende kitandani kwake.

Sheria nayo iko upande wake. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa mama na baba jukumu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la, na inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Ami hakutajwa. Mama mkwe hakutajwa. Kazi wanayo, tena nzito, ya chakula, nauli na kumshika mzazi mkono, lakini neno la mwisho si lao.

Hesabuni wiki upya

Daktari akisema, "Hizi ni wiki 25, hapa hatuna uwezo mkubwa," msianze kulia wala kubishana. Ulizeni wiki hizo zimehesabiwaje. Hospitali huanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wanawake wetu wengi huanza pale walipokosa, tena kwa mwezi mwandamo: "Nilikosa Mfungo Sita, Maulidi yamekaribia, sista." Tangu hapo ikipita miezi sita ya mwandamo, ni siku 177, yaani wiki 25 na siku mbili. Ongeza wiki nne za tangu ile hedhi ya mwisho, unapata 29. Mwanamke ni yule yule na mimba ni ile ile, ila hesabu moja inampeleka mtoto nasari na nyingine inamwacha amefunikwa pembeni mwa chumba cha kuzalia. Kwa maana huku kwetu, mara nyingi, mpaka unaotazamwa ni wiki 28 au gramu 1000. Juu ya hapo watu hupambana, chini yake husitasita.

Kwa hiyo tafuteni kitabu cha kliniki. Kama ilipigwa skani katika miezi mitatu ya mwanzo, hiyo ndiyo ya kutegemea kuliko zote, kwa sababu skani ya miezi ya mwisho hukosea hata kwa wiki mbili au tatu. Kama haipo, kaeni na mama mwenyewe mhesabu pole pole, kwa kalenda ya ukutani na ya mwandamo, mkikumbuka Ramadhani ilikuwa lini na yeye alikuwa na hali gani. Mpeni daktari hesabu hiyo mapema, kabla namba ya kwanza haijaandikwa kwenye faili, maana ikishaandikwa kila anayeingia zamu huinakili. Mtoto naye apimwe uzito bila kitambaa. Kwenye gramu 980, leso iliyolowa inaweza kumpandisha daraja mtoto asiyestahili, na mzani mbovu unaweza kumshusha anayestahili.

Ulizeni pia kama mama alichomwa sindano ya mapafu kabla ya kuzaa. Tangu madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walipochapisha utafiti wao mwaka 1972, inajulikana kwamba steroidi anayochomwa mama humkomaza mtoto mapafu. Watoto wawili wa wiki 29, mmoja kaipata na mwingine hakuipata, hawana bahati moja. Wasichana nao huhimili kuliko wavulana, na mapacha hupata taabu zaidi. Namba ya wiki peke yake haimalizi maneno.

Hapo ndipo simu ya Uingereza hulia. Shemeji anasema huko mtoto wa wiki 24 anapona. Ni kweli, na kuna nchi zinazojaribu hata wa wiki 22. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi maskini zaidi ya tisa kati ya kumi wa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28 hufa siku za mwanzo, na katika nchi tajiri hawafi hata mmoja kati ya kumi. Dhuluma hiyo huniuma kila nikishika zamu. Lakini mtoto wenu yuko hapa, kwa vifaa vya hapa na wauguzi wa hapa, na usiku huu ndiyo mnaoamua juu yake. Mwambieni shemeji atume pesa za ambulensi.

Ombeni jaribio lenye tarehe

Kikao huharibika kwa swali moja kubwa: ataishi au hataishi? Daktari hajui, anasema tumwombe Mungu, na nyote mnaondoka mkiwa mlivyokuja. Ligawanyeni swali hilo. Anzeni na mashine: anayo ipi sasa, inamfanyia nini, na ipi haipo hapa?

Mtoto wa wiki 29 kwa kawaida hana mafuta ya kutosha ndani ya mapafu ya kuvifungua vifuko vya hewa, kwa hiyo kila akitoa pumzi vinashikana kama karatasi ya nailoni iliyolowa maji. Ile mashine yenye vijipira vya puani na chupa inayotoa mapovu husukuma hewa ili vifuko visifunge kabisa. Haimpumulii, inamsaidia anayepumua mwenyewe. Mashine ya kupumulia ni nyingine, ina mpira unaoingia kooni, na si kila hospitali ya Pwani inayo. Watu huchanganya hizi mbili, wakasema "mtoto yuko kwenye mashine", kisha uamuzi wote unaharibika, kwa sababu kuacha ile ya mapovu na kuacha ile ya kooni si jambo moja.

Kisha ombeni hivi, kwa maneno haya haya mkitaka: "Daktari, tumjaribu kwa mashine hii mpaka siku fulani. Ni dalili gani zikionekana utasema tuendelee, na zipi zikionekana utasema inamtesa bure?" Saa 72 ni muda wa kawaida kuanza nao, kwa kuwa taabu ya mapafu aghalabu huzidi siku mbili tatu za mwanzo kisha hupungua kwa anayepona, na damu ikivuja ndani ya ubongo mara nyingi huvuja siku hizo hizo. Dalili zenyewe ni za kuonekana. Anahitaji oksijeni nyingi zaidi ya jana au kidogo? Anasahau kupumua mara ngapi kwa zamu, na dawa ya kafeini inamsaidia? Maziwa ya kijisindano yanashuka tumboni au yanarudi ya kijani? Kama kuna wa kumpiga skani ya kichwa, imeonyesha nini?

Yaandikeni. Mvuvi mmoja wa Ngomeni aliyaandika nyuma ya risiti ya samaki, akaibandika juu ya inkubeta, na kila daktari aliyepita alilazimika kuisoma. Wengine walikunja uso. Mimi niliipenda risiti ile kuliko fomu nyingi za hospitali, kwa sababu siku ya tatu ilipofika, yeye na mkewe hawakuulizana wanaonaje, waliulizana oksijeni imeshuka au imepanda. Ilikuwa imeshuka. Wakaandika tarehe nyingine.

Tarehe ina faida mbili. Inawakinga na kuamua saa tisa za usiku, stima imekatika na jenereta haijawaka, kila mtu akipiga kelele. Na inamkinga mtoto na kusahauliwa kwenye mashine wiki nzima kwa kuwa hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Maana hilo nalo hutokea. Kuchomwa kila siku, kubandikwa na kubanduliwa plasta kwenye ngozi inayochunika, kunyonywa makohozi kwa mpira, hivyo vyote vinauma, na mtoto mchanga anausikia uchungu. Zamani ilidhaniwa hausikii. Ulizeni mnampa nini cha kumtuliza. Hata tone la maji ya sukari ulimini kabla ya sindano ni kitu.

Jambo linalowatia watu hofu ni kuanza kisha kuacha. "Bora tusiweke kabisa, tukitoa tutakuwa tumeua." Wanafalsafa wa tiba wengi husema kutoanzisha na kuondoa ni sawa, kwa kuwa sababu ni moja: tiba haimfai tena. Moyo haukubali upesi, na mimi simlaumu mtu. Lakini fikirini upande wa pili: mkiogopa kuacha, hamtaanza, na mtoto ambaye pengine angepona kwa siku tatu za mapovu atakuwa hakujaribiwa.

Kwa Waislamu, mleteni shekhe wodini asikie kwa daktari mwenyewe. Msimpelekee habari za barazani. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Amman, Jordan, mwaka 1986, liliruhusu kuondoa mashine pale madaktari wajuzi wanapothibitisha kuwa ubongo umekufa kabisa. Wengi wa watoto wetu hawako hapo. Ubongo u hai, mapafu au matumbo ndiyo yanayoshindwa, kwa hiyo uamuzi ule hauwezi kubandikwa tu juu ya kila inkubeta. Shekhe akimwona mtoto na kuuliza maswali yake, hujibu kwa kituo zaidi kuliko akipigiwa simu. Padri vile vile, na mchungaji.

Mashine moja, watoto wawili

Kuna usiku ambapo mashine ya mapovu ni moja na watoto ni wawili. Mzazi hapaswi kubeba mzigo huo, ila ana haki ya kujua unabebwaje. Ulizeni: mnachagua kwa kigezo gani, na nani anachagua? Jibu zuri ni kwamba daktari mwenye zamu anaangalia nani atafaidika zaidi, kwa sheria iliyowekwa kabla watoto hawa hawajazaliwa. Jibu baya ni kigugumizi.

Msipige simu kwa mheshimiwa. Nimeona simu ya namna hiyo ikifanya kazi, na mtoto aliyevuliwa mashine alikuwa na mama pia, aliyekuja kwa bodaboda kutoka Marafa na hakuwa na namba ya mtu yeyote.

Oksijeni nayo msiidai kana kwamba ni maji ya zamzam. Ikizidi kwa mtoto wa namna hii huharibu mishipa ya macho. Miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto huko Ulaya na Marekani walipofuka hivyo kabla ya sababu kujulikana, na mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa kabla ya wakati mwaka 1950, ni mmoja wao. Kile kijimashine cha mguuni kinachopima oksijeni ya damu kikisoma kati ya 90 na 95 huku anavutishwa oksijeni, mwacheni. Muuguzi akipunguza, hajamnyima.

Safari ya rufaa

Watu wa Lamu wanaijua. Kutoka kisiwani ni mashua hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200 kabla hujaiona Malindi. Kutoka Siyu au Faza ongeza bahari nyingine. Mwenye pesa huruka kutoka Manda. Kutoka Malindi hadi Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, ni kama kilomita 120, na Kilifi ni nusu yake.

Rufaa huonekana kuwa ni kufanya kitu, na kubaki kuonekana ni kukata tamaa. Mimi sikubaliani. Mtoto wa gramu 1100 anaweza kufa kwa baridi ndani ya ambulensi nzuri. Msikubali kuondoka mpaka mpate majibu ya haya: huko mwendako nani amepokea simu, na amesema kitanda kipo? Mtungi wa oksijeni utafika au utaishia njiani? Nani mwenye ujuzi anapanda naye? Wanacho nini huko ambacho hapa hakipo? Kama jibu la mwisho ni "ni hospitali kubwa" na basi, kaeni. Kama ni mashine ya kupumulia au daktari wa upasuaji wa watoto, nendeni, mtoto akiwa uchi na nepi na kofia tu kifuani mwa mtu, ngozi kwa ngozi, leso mbili juu yake. Mama akiweza aende. Akibaki Lamu, maziwa yake nayo yamebaki Lamu.

Kifuani, na maziwa ya nani

Bibi wengi hunong'ona kwamba kumweka mtoto kifuani ni tiba ya wasio na inkubeta. Ilianza hivyo, Bogotá huko Kolombia mwaka 1978, Dakta Edgar Rey Sanabria alipoelemewa na watoto kuliko mashine. Lakini utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Afrika na India, ulionyesha kuwa kumweka kifuani mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo kulinganisha na kungoja mpaka atulie. Kwa hiyo anayeuliza "bado ni mdogo, si tumngoje?" ajibiwe hapana, labda awe hawezi kupumua mwenyewe kabisa. Ni saa nane kwa siku angalau, na zaidi ya hapo ni bora. Arubaini ya mzazi haivunjwi kwa kukaa nasari. Na baba ana kifua pia. Wanaume wa Malindi huona haya siku ya kwanza, siku ya pili hugombania zamu.

Maziwa ndiyo yaliyo na mtego ambao madaktari kutoka bara hawaujui. Mama akiwa mahututi, mwenziwe wa kitanda cha pili hujitolea kumkamulia mtoto. Ni ihsani kubwa, na kwa matumbo ya mtoto mchanga maziwa ya mwanamke ni salama kuliko ya kopo. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata Pwani, kunyonya mara tano huleta udugu wa kunyonya, na watoto hao hawawezi kuoana. Mashekhe niliowauliza wanasema ya kupitia mpira wa puani yanahesabika pia. Benki ya maziwa ya kwanza Kenya ilifunguliwa Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Sisi huku hupeana mkono kwa mkono, na mimi naona hiyo ina nafuu yake, kwa kuwa mnajuana. Fanyeni hivi: mtoaji awe amepimwa virusi vya ukimwi, majina ya familia zote mbili yaandikwe katika daftari mbili, moja kila nyumba, pamoja na jina la mtoto aliyenyonya na watoto wote wa mtoaji. Baba wa pande zote wajue. Msimwachie muuguzi kukumbuka, tunahamishwa.

Pesa

Isemeni. Nyumba nyingi huamua "kumwacha Mungu afanye kazi yake" kumbe wanaogopa bili, na daktari hajui. Mwambieni wazi, aite afisa wa jamii. Hakikisheni mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mtoto aongezwe mara moja. Tiba ya dharura hainyimwi mtu kwa Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 43. Na hospitali haina ruhusa ya kumfungia mama kwa deni. Mahakama Kuu ilitamka hivyo mwaka 2015 katika kesi ya wanawake waliozuiliwa Nairobi.

Ikifika mahali pa kuacha

Daktari akisema "tuache", muulizeni anaacha nini. Mashine inaweza kuachwa, lakini joto, dawa ya uchungu, kulowesha midomo na kupakatwa haviachwi. Ombeni pazia. Ombeni ifanyike mchana, watu wenu wakiwepo. Mtoto apewe jina, aadhiniwe. Wakatoliki wajue kwamba padri akichelewa mtu yeyote anaweza kumbatiza. Kwa Waislamu, mtoto aliyelia au kuonyesha dalili yoyote ya uhai, hata dakika chache, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa kama mtu mzima, kwa hiyo daieni maiti yenu na cheti chake. Msikubali "tutashughulikia wenyewe".

Na msimfiche mama. Najua nia ni njema: asimwone asije akaumia. Nimewaona walioona na walionyimwa. Walionyimwa hurudi nasari miezi mingi baadaye kuniuliza alikuwa na nywele, alifanana na nani. Siku ya tatu maziwa yatamjaa hata kama mtoto hayupo, na hakuna aliyemwambia. Avae sidiria inayoshika bila kubana, aweke kitambaa cha baridi, akamue kidogo tu apate nafuu. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mume na mke wasipokubaliana

Hutokea, na si dalili ya ndoa mbovu. Baba anataka Mombasa, mama anataka mtoto abaki kifuani mwake. Msipige kura za ukoo. Ombeni daktari wa pili asiyekuwa kwenye zamu ile, awaeleze upya nyote wawili kwa pamoja, na wakati huo tiba iendelee kama ilivyo. Ulizeni kama hospitali ina kamati ya maadili. Penye kamati, ombeni ikae, na mzazi asiyejua Kiingereza adai mkalimani, iwe Kigiriama, Kibajuni au Kisomali. Nimewahi kutafsiri neno "uharibifu wa ubongo" kwa mama wa Kigiriama aliyekuwa ametia saini karatasi mbili tayari. Aliomba zirudishwe, akazisoma upya pamoja nami, moja akaikubali na moja akaikataa, na daktari akaandika hivyo kwenye faili.